UZI: Nilifunga kamera nyuma ya nyumba kumtafuta mwizi wa kuku (Lubumbashi)

Kichuguu (mwanzisha uzi)

Jambo yenu wote. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi jioni.

Naishi pembeni mwa Lubumbashi, pale nyumba zinapoishia na miombo inapoanzia, au niseme miombo iliyobakizwa na makala na matofali. Upande gani wa mji sisemi. Mkisoma hadi chini mtajua kwa nini. Lupango yetu, yaani kiwanja cha nyumba, ina ukuta mbele tu. Nyuma kuna banda la kuku, migomba mitano, kisha kichuguu kirefu kupita paa la nyumba, halafu pori.

Mwaka jana, mwezi wa nane, tulipoteza kuku saba ndani ya wiki tatu. Kila mara usiku, mlango umefungwa, kufuli halijaguswa. Wawili tuliwakuta palepale bandani, kichwa hakuna, mwili mzima upo. Sasa mwizi gani huyo anakula kichwa anaacha paja? Mama mkwe alitamka neno moja: bulozi, yaani uchawi. Zamu wetu, mlinzi wa usiku, akasema ni vijana wa tanuri la matofali. Mke wangu hakusema kitu, alinitazama tu, maana banda nililijenga mimi.

Kuna jamaa aliwahi kufanya kazi ya upimaji wa mazingira migodini, akawa na kamera ya kufunga mtini asiyoitumia tena. Dola hamsini, akaniachia. Ni kisanduku cha rangi ya majani makavu, kimo chake nusu ya tofali. Ndani kuna jicho linalohisi joto linalotembea: mwili wenye joto ukikatiza mbele ya ardhi au hewa yenye joto tofauti, kisanduku kinaamka na kupiga picha chini ya sekunde moja. Usiku kinamulika kwa taa za infraredi ambazo macho yetu ni kama hayazioni, ndiyo maana picha za usiku hazina rangi.

Usiku wa kwanza: picha 340. Kati ya hizo, 338 ni jani moja la mgomba likipunga mkono.

Mbili zilizobaki ndizo zilizonifanya niandike hapa. Kamera ilionyesha 02:14. Mama mkwe akaitazama akasema hata mashine yenyewe inadanganya, saa mbili sote tulikuwa mezani tunakula bukari (ugali)! Ilinichukua muda kumweleza kwamba kisanduku hakihesabu saa kama sisi, hiyo ni saa nane na dakika kumi na nne usiku.

Ndani ya picha: mnyama mwembamba, miguu mifupi, madoa mwili mzima, mkia mrefu wa pete nyeusi na nyeupe. Kanu. Picha ya kwanza yuko juu ya ukuta wa banda. Ya pili ni mkia tu, mwili umeshazama katika upenyo kati ya bati na tofali, upenyo ambao ngumi yangu haipiti. Nilikuwa nimeuacha mwenyewe ili kuku wapate hewa.

Nikaziba kwa waya wa matundu madogo. Tangu siku hiyo hatujapoteza kuku hata mmoja usiku. Mchana kuna mwewe, hiyo ni habari nyingine.

Sehemu ya pili naiandika kesho. Maswali karibu.

Mama Sombe

Papa Kichuguu, asante. Mimi nilimfukuza mfanyakazi kwa sababu ya kuku. Kuku wenyewe hawakuwa na vichwa. Sasa hivi nasoma hapa moyo unanidunda.

Swali: ule mlio wa mtoto mchanga usiku kwenye mwembe? Mtaani kwetu watu wakiusikia wanafunga madirisha, wanaanza kuomba.

Kichuguu

Mama, ni komba, yule mkubwa mwenye mkia mzito. Kamera yangu inachukua video na sauti pia, nikaifunga mtini usawa wa tawi. Nikamnasa akilia hivyo hivyo, mdomo wazi, macho kama sahani mbili. Niliwachezea wanangu video ile na sasa wakisikia mlio wanasema "komba ameamka". Mama mkwe anaendelea kufunga dirisha lakini haombi tena kwa sauti.

Na huyo mfanyakazi, kama anajulikana alipo, mtafute.

Fundi Betri

Mkuu, picha 338 za jani la mgomba ni kosa la kila mwanafunzi. Leta maelezo: umeifunga kimo gani, inatazama wapi, betri gani?

Kichuguu

Nimefundishwa na makosa yangu, chukueni bure.

Mwanzoni niliifunga usawa wa kifua, kama mtu anayepiga picha ya harusi. Nikapata migongo na hewa. Wanyama wa huku ni wafupi. Sasa iko usawa wa goti, na mbele yake nimefyeka nyasi mita nne au tano, maana jani lililochomwa na jua likitikisika, kihisi kinaliona kama mnyama.

Niliielekeza magharibi, kila jioni jua likaniharibia picha. Wazungu katika maelekezo yao wanasema ielekee kaskazini. Hayo ni ya kwao! Huku kwetu, kuanzia mwisho wa Februari hadi Oktoba, jua la saa sita mchana liko upande wa kaskazini. Kwa hiyo yangu inatazama kusini.

Njia ya mnyama usiitazame kwa kuikata katikati, kwa sababu anapita kabla kisanduku hakijaamka, unabaki na mkia. Itazame kwa mshazari, aje akikukaribia.

Oktoba mchana ni bure kabisa. Ardhi inakaribia joto la mwili, jicho halioni tofauti ya mbuzi na hewa. Usiku inarudi akili.

Betri zinaingia nane. Za bei nafuu za sokoni zilikufa siku ya sita. Za kuchajiwa ni nzuri ila kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, taa ya usiku inafifia kidogo, mnyama wa mbali anakuwa kivuli. Nimekubali. Umeme ukiwepo nachaji, usipokuwepo nasubiri.

Na sisimizi, hao ndio adui ambaye hakuna aliyeniambia. Nilifungua mlango wa betri nikakuta mayai yao meupe yamejaa kama mchele. Sasa napaka mafuta machafu ya gari kwenye shina, juu na chini ya mkanda.

MwanaKafubu

Yaya (kaka), miye niko na swali moja kiloko. Ile mwangaza haiogopeshake nyama? Na ni ku fasi gani, ni ku Kipushi ao ku Kasenga? Tuko na mbwa mbili za muzuri.

Kichuguu

Mdogo wangu, kamera zenye taa za nanomita 850 (kipimo cha wimbi la mwanga) zinatoa wekundu hafifu na baadhi ya wanyama wanauona, wanageuka kutazama. Zile za 940 hazionekani ila picha inakuwa na giza zaidi. Yangu ni ya 850. Kanu hajali. Fungo, binamu mkubwa wa kanu, anatazama, anafikiri, anapita.

Fasi sisemi. Hasa kwa mtu mwenye mbwa wawili wazuri.

MwanaKafubu

Hahaha sawa yaya, nimesikia.

Mtu wa Bukavu

Salamu kutoka Bukavu. Huku unyevu ndio balaa, mdogo wangu aliwahi kubeba vifaa vya watafiti upande wa hifadhi ya Kahuzi-Biega, anasema walikuwa wanaweka vile vifuko vya punje za silika zinazonyonya unyevu, vinavyokuja ndani ya viatu vipya ili kioo kisiote ukungu.

Na msidharau hivi visanduku. Okapi, ambaye yumo kwenye nembo ya ICCN yetu, taasisi ya uhifadhi wa asili, picha zake za kwanza akiwa huru porini zilipatikana kwa kamera za namna hii katika hifadhi ya Virunga, mwaka 2008. Mnyama mkubwa kuliko punda, sayansi inamjua tangu 1901, na bado ilibidi mashine imvizie.

Kichuguu

Sijui hilo la viatu, Mtu wa Bukavu, naanza leo kukusanya vifuko.

Sehemu ya pili. Baada ya kuziba banda ningeweza kuiuza kamera. Mke wangu alishauri hivyo. Lakini nilishajizoesha: Jumapili baada ya kanisa natoa kadi, naiingiza kwenye kompyuta, watoto wanajipanga. Tukahamisha kisanduku, kutoka bandani hadi nyuma ya kichuguu.

Kanu tulidhani ni mmoja. Ni watatu. Madoa yao hayafanani, kama alama za vidole, unalinganisha ubavu wa kushoto na wa kushoto. Binti yangu wa miaka kumi na moja ndiye mtaalamu. Mmoja ana doa lenye umbo la herufi V karibu na bega, huyo ndiye mla kuku wetu, na tunamheshimu.

Fungo ndiye aliyenishangaza kuliko wote. Ni mzito, anatembea ameinamisha kichwa kama mzee anayetafuta funguo. Ana choo chake, mahali pamoja, anarudia usiku kwa usiku. Mwezi wa kumi na moja nikaenda kukitazama choo chenyewe (ndiyo, mtu mzima, kijiti mkononi). Kimejaa mbegu za masuku, matunda ya porini. Masuku yale yale mama zetu wanayouza barabarani kwenye mabeseni. Mvua ilipokolea, mbegu kadhaa zikachipua palepale. Mimi nimepanda miembe kwa mbolea ya kununua, nusu ikafa.

Panya buku anapita kila usiku kama mtumishi wa serikali, saa ile ile. Ndezi, ambaye wengi huku tunamwita simbiliki, mara mbili. Nungunungu mara moja, mgongo tu.

Halafu kuna picha ya masikio. Nyuma ya kichuguu kuna shimo ambalo mtu mzima anaweza kuingiza mabega, udongo mpya umetupwa nje. Niliweka kamera wiki tano. Usiku mmoja, saa tisa kasoro, kwenye kona ya chini ya picha: masikio mawili marefu kama ya punda. Hakuna kingine. Naamini ni muhanga, anayekula mchwa na kuvunja vichuguu kwa kucha. Vichuguu vyetu vya Katanga mnavijua, vingine vimepita mita tano, na udongo wake ndio huo unaochomwa matofali. Kwa hiyo muhanga na mafundi tofali wanagombea kitu kimoja. Watoto wanataka niandike "muhanga" kwenye daftari. Nimeandika "masikio".

Ndugu Mhesabu

Umefanya vizuri kuandika masikio.

Mama Sombe

Nimecheka ya mzee anayetafuta funguo. Endelea Papa.

Kichuguu

Sehemu ya tatu, na hii siyo ya kucheka.

Mnakumbuka zamu alisema wezi ni vijana wa tanuri. Nami nilikwenda kwao mwezi ule wa nane, sikuwapiga wala kuwatukana, lakini nilisimama mbele yao nikauliza maswali kwa sauti ya mtu aliyeshahukumu. Nilipopata picha ya kanu nilirudi kuomba radhi. Nikapeleka simu, nikawaonyesha. Walifurahi mno. Mmoja wao, nimwite Kijana, akawa anakuja Jumapili kutazama kadi pamoja na watoto. Ana macho. Ndiye aliyeonyesha kwamba kanu ni wawili kabla binti yangu hajasema watatu.

Mwezi wa pili mwaka huu, asubuhi yenye ukungu, tukapata nsya, swala mdogo wa vichakani. Jike, hana pembe, amesimama mguu mmoja juu kana kwamba ameitwa jina. Kwa miaka yangu yote hapa sikuwahi kumwona nsya. Nikafurahi kama mjinga. Nikaonyesha kila mtu. Nikaenda hadi tanurini.

Swali la kwanza niliulizwa pale: "Ana kilo ngapi?"

Nami nikajibu! Kumi na tano hivi, nikasema. Na nikaeleza kwamba hawa wana eneo lao, wanapita njia ile ile. Nilikuwa natoa somo.

Wiki mbili baadaye nikakuta vitanzi vitatu kwenye njia, waya wa breki ya baiskeli, vimefungwa kwenye vichipukizi kwa ustadi. Nikavitoa. Kadi ya Jumapili hiyo ilikuwa na picha nne za maana. Moja ni nsya, jike, anakwenda kwa kuchechemea, na nyuma ya mguu wa kulia kuna mstari mwembamba unaong'aa. Alikata waya akaondoka nao. Picha nyingine tatu ni za mtu ameinama na waya mkononi. Sura inaonekana vizuri, kamera ile ni nzuri.

Ni Kijana.

Nimekaa na picha hizo siku kumi. Niambieni.

Ndugu Mhesabu

Kuna sheria ya uhifadhi wa asili ya Februari 2014, namba 14/003, na ya uwindaji tangu 1982. Una ushahidi wenye tarehe na saa. Peleka.

Mama Sombe

Ndugu Mhesabu, peleka wapi? Kwa nani? Yule kijana atakamatwa kwa mnyama mmoja, ndugu zake watauza baiskeli na bati kumtoa, na wakubwa wanaoshusha nyama kwa malori usiku nani anawapiga picha? Mwezi wa pili ni mvua. Tofali haliumbwi kwenye mvua. Alikuwa anakula nini?

Ndugu Mhesabu

Mama, nsya naye alikuwa anakula nini? Nauliza tu. Kila mtu akiwa na sababu, pori linaisha kwa sababu nzuri tupu.

Fundi Betri

Mimi nina la kiufundi. Mkuu, ulipoipiga picha skrini ya kompyuta kwa simu na kuisambaza, kama simu imewashwa mahali, picha inabeba ramani ndani yake. Zima hiyo kitu. Mtu wa mbali anaweza kufika kwenye shimo lako la muhanga bila kukuuliza barabara.

Zamu wa Usiku

Nafanya kazi ya uzamu miaka tisa. Kamera ikifungwa, wa kwanza kuangaliwa ni sisi maskini. Ulimwambia huyo kijana kwamba pale anapita mnyama. Je, ulimwambia kwamba pale pana kamera inayompiga yeye?

Kichuguu

Zamu wa Usiku, umenishika. Alijua kamera ipo, alikuwa anatazama kadi pamoja nasi. Lakini nilikuwa nimeihamisha mita thelathini bila kumwambia. Kwa nini nilihamisha bila kumwambia? Nilijiambia ni kwa sababu ya nyasi.

Nimekwenda jana jioni. Picha sikubeba. Nilibeba zile nyaya tatu, nikaziweka juu ya tofali katikati yetu. Hakukana. Alisema tanuri limesimama tangu Desemba, anadaiwa kodi ya nyumba, na nyama ile isingeliwa, ingeuzwa. Halafu akasema jambo ambalo bado linanikera: "Yaya, weye mwenyewe ulitupatia kilo."

Tulikaa kimya hadi giza likaingia. Kazi ya kumpa sina, sitawadanganya kwamba nilimpa. Akaniambia twende. Tukaenda na tochi, akanionyesha vitanzi vingine vinne ambavyo sikuvijua, kimoja hatua kumi kutoka choo cha fungo. Akavitoa mwenyewe. Vingine viwili alivyovikuta mbele akasema si vyake, ni vya watu wengine asiowajua. Hivyo navyo tukavitoa.

Picha zake tatu nimezifuta mbele yake. Ndugu Mhesabu najua utakasirika.

Ndugu Mhesabu

Sikasiriki. Ningebakiza moja.

MwanaKafubu

Yaya, miye njo ule wa mbwa mbili. Nilisoma yote. Mbwa nabafunga busuku tangu leo, siyo juu ya sheria, ni juu ya ile mayele (akili) ya kanu, naweza kupata kiloko ya kamera wapi?

Fundi Betri

MwanaKafubu njoo pembeni, kuna mtu ana mbili za mitumba. Usiweke betri za sokoni.

Mama Sombe

Nimempata yule mfanyakazi wangu. Anafanya kazi Ruashi kwa watu wengine. Nilimpigia, nikamweleza habari ya kanu. Akasema, "Mama, mimi nilikwambia." Ni kweli aliniambia.

Kichuguu

Wakuu, najua mnangoja habari ya nsya. Nilikuwa sitaki kuandika mpaka nione kitu.

Jumapili hii Kijana alikuja tena, mara ya kwanza tangu siku ile. Alikaa mwisho wa benchi, karibu na mlango. Kadi ilikuwa na picha 212. Nyasi 190 na kitu, maana mwezi wa nne nyasi zimenizidi kimo na sijafyeka. Panya buku, kama kawaida yake. Kanu wa V akiwa na panya mdomoni, watoto wakapiga makofi.

Na moja ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Nsya, jike, hana pembe. Amegeuza shingo kutazama nyuma. Binti yangu akakuza picha, akakuza tena, hadi ikawa nukta tupu. Nyasi zinaishia tumboni mwake. Miguu haionekani.

Kijana akaomba panga akaenda kufyeka mbele ya kamera.